Maswali ya Wasomaji: Picha ni ya aliyepiga au ya aliyepigwa?

Katika toleo lililopita nilimtaja kwa mistari michache W. Eugene Smith, mpiga picha wa Marekani aliyefariki mwaka 1978, na kwa mistari hiyo michache nimeletewa barua nyingi kuliko nilizozipata nilipoandika juu ya milango ya Mji Mkongwe. Nilipozisoma moja baada ya moja niliona kwamba wengi waliouliza habari za Smith walikuwa na jambo lao la nyumbani moyoni: picha waliyopigwa bila ya kujua, kisanduku kilichoachwa na mzee, au kijana wao anayetoka alfajiri na kamera kwenda pwani. Nimechagua barua nne. Mbili kati yake zinahitaji maelezo marefu, na naomba wasomaji wanivumilie.

Swali: Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa habari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tunguu. Mwalimu wetu alituonesha picha za Smith na kutwambia kwamba ni lazima tumsome. Wenzangu wanauliza, na mimi pia nauliza, kwa nini tumsome mtu aliyepiga picha nyeusi na nyeupe zaidi ya miaka sabini iliyopita, ilhali leo kila mmoja wetu ana simu yenye kamera mfukoni. Amebakisha kitu gani?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Smith alizaliwa mwaka 1918 katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipelekwa Bahari ya Pasifiki kupiga picha kwa ajili ya majarida ya kwao, na mwezi Mei 1945, katika kisiwa cha Okinawa, kombora lilimjeruhi usoni na mkononi. Alikaa kiasi cha miaka miwili akitibiwa na kupasuliwa tena na tena. Picha aliyoanza nayo upya, mwaka 1946, ni ya watoto wake wawili wadogo walioshikana mikono, wamempa mgongo, wakitoka kwenye kivuli cha miti kuelekea mahali penye mwanga. Mwaka 1955 lilifunguliwa New York onesho kubwa lililokusanya picha 503 kutoka nchi 68, na picha iliyowekwa mwisho kabisa, ambayo mtu aliiona kabla ya kutoka mlangoni, ilikuwa hiyo ya watoto wa Smith. Huwezi kuielewa vizuri picha ile usipojua kwamba aliyeipiga alikuwa bado ana maumivu, na kwamba kwa muda mrefu hakuwa na uhakika kama angeweza tena kushika kamera.

Lakini nisikae sana na picha moja. Kilichomfanya Smith asomwe ni ile namna yake ya kueleza habari ya mtu mmoja kwa picha nyingi zinazofuatana, kama msimulizi anavyopanga kisa chake. Mwaka 1948 alikwenda katika mji mdogo wa Kremmling, milimani Colorado, akafuatana na daktari mmoja, Ernest Ceriani, kwa siku 23. Alimfuata nyumba kwa nyumba, usiku na mchana, mpaka daktari akasahau kwamba yupo mtu na kamera nyuma yake. Katika picha moja daktari amesimama jikoni usiku, baada ya kushindwa kuokoa maisha, ameegemea meza, kikombe mkononi, sigara mkono wa pili, na macho yake hayatazami kitu. Picha ya namna hiyo haipatikani kwa mtu aliyefika asubuhi na kuondoka adhuhuri.

Mwaka 1951 alifanya vivyo hivyo kwa mkunga mweusi, Bi Maude Callen, aliyekuwa akihudumia watu maskini wa vijijini katika Carolina ya Kusini, wakati ambapo ubaguzi wa rangi huko ulikuwa ni sheria. Habari ilipochapishwa katika jarida la Life, wasomaji walituma michango iliyozidi dola 20,000 bila ya kushurutishwa na mtu, na mwaka 1953 Bi Callen alifungua kliniki iliyojengwa kwa fedha hizo. Sisi ambao mama zetu na bibi zetu walizalishwa na wakunga wa mtaani, kwa mwanga wa kandili, tunajua kazi ile ina uzito gani, na tunajua pia ni mara chache sana ambapo mtu alikaa na mkunga kiasi cha kutosha ili watu wa mbali wamuone alivyo.

Simu yako, mwanangu, inapiga picha kwa wepesi ambao Smith hakuuota, lakini haikupi zile siku 23. Hizo inabidi uzitoe mwenyewe. Nakwambia pia upande wa pili ili usije ukamfanya mtakatifu. Mwaka 1955 aliajiriwa kwa wiki chache tu apige picha kama mia moja za mji wa Pittsburgh. Akashindwa kuacha, akapiga zaidi ya 10,000, akaingia madeni, akaitesa familia yake, na kitabu alichokiota juu ya mji ule hakikutoka akiwa hai. Alikuwa mtu mgumu kwa wenzake na mgumu zaidi kwa nafsi yake. Msome kwa subira yake na kwa heshima aliyowapa watu aliowapiga, si kwa jinsi alivyoyaendesha maisha yake.

Swali: Shikamoo, Maalim. Mimi ni kijana wa Jambiani. Napiga picha za kina mama wanaolima mwani, na baadhi nimewauzia wageni. Moja imewekwa katika tangazo la hoteli. Mama mmoja alikuja nyumbani kumlalamikia bibi yangu kwamba nimemtoa mbele ya watu akiwa na nguo zilizorowa, zimemganda mwilini. Mimi sikumtaja jina wala sikukusudia kumdhalilisha. Nilitaka watu waone taabu ya kazi yao. Nimesoma kwamba Smith alipiga picha ya binti mgonjwa akiogeshwa na mama yake, na dunia nzima ikamsifu. Kwa nini yeye asifiwe na mimi nilaumiwe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali zito, na umeuliza kwa adabu, kwa hiyo nitakujibu kwa ukamilifu.

Minamata ni mji wa pwani katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, na watu wake wengi walikuwa wavuvi. Hapo palikuwa na kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso ambacho, kuanzia mwaka 1932 mpaka 1968, kilitumia zebaki katika utengenezaji wake na kumwaga maji taka yake baharini. Zebaki ikaingia katika samaki na chaza, na kutoka hapo ikaingia katika watu. Paka wa mtaani ndio walioonekana mapema: walianza kuyumba, kuzunguka na kurukaruka kama waliopagawa, kisha wakafa. Baadaye watoto wakashindwa kutembea na kusema, watu wazima mikono ikawatetemeka hata kushika kikombe ikawa taabu. Ugonjwa ulitangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, lakini serikali haikukiri waziwazi kwamba chanzo ni kiwanda mpaka mwaka 1968, na kwa miaka yote hiyo sumu iliendelea kumwagwa. Mtu wa Jambiani hahitaji kufafanuliwa habari hii. Aliyekuwa maskini zaidi na karibu zaidi na maji, ambaye kitoweo chake cha kila siku ni alichokivua mwenyewe, ndiye aliyeumia zaidi.

Smith hakuwa wa mwanzo kufika na kamera. Mjapani Kuwabara Shisei alianza kuwapiga picha wagonjwa wa Minamata mwaka 1960, na naona ni dhulma kila anaposahauliwa kwa sababu tu jina la Mmarekani lilivuma zaidi. Smith alifika mwaka 1971 pamoja na mke wake, Aileen Mioko, ambaye mama yake ni Mjapani na ambaye naye alipiga picha huko. Walikusudia kukaa miezi mitatu, wakakaa miaka mitatu. Walipanga nyumba humo humo, wakala chakula cha jirani zao, wakahudhuria mikutano yao na kesi zao. Januari 1972 Smith alifuatana na wagonjwa kwenda kwenye kiwanda kingine cha kampuni ile, huko Goi karibu na Tokyo, na watu wa upande wa kampuni wakampiga vibaya, wakamuumiza shingo na kumharibia macho. Alirudi kazini akiwa na maumivu ambayo hayakumwacha tena. Mwezi Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliihukumu kampuni iwalipe fidia wagonjwa walioshitaki.

Sasa tuje kwenye picha uliyoisoma. Tomoko Uemura alizaliwa mwaka 1956, akiwa ameshadhurika tumboni mwa mama yake. Hakuweza kusema wala kutembea, na viungo vyake vilikuwa vimekakamaa. Mama yake, aliyekula samaki wale wale, hakuumia kama mwanawe, na ndugu wa Tomoko waliozaliwa baadaye wakatoka salama; kwa hiyo mama yule akawa anamwita binti yake hazina, kwa kuwa, kama alivyoelewa yeye, mtoto ameibeba sumu ya mama na ya ndugu zake wote. Mwezi Disemba 1971, kwa ridhaa ya wazazi, Smith na Aileen waliingia katika chumba chao cha kuogea. Katika picha, mama amekaa ndani ya maji ya moto, amempakata binti yake kama anavyopakatwa mtoto mchanga, ingawa binti alikuwa na miaka kumi na tano. Kuta zimeingia gizani. Vidole vya binti vimepinda, macho yake yameelekea juu bila ya kushika kitu, na mama anamtazama usoni kwa utulivu ambao mimi, kila ninapouona, hunibidi niweke picha chini kwanza. Katikati ya mwaka 1972 ilichapishwa katika Life, ikazunguka dunia. Sumu ya zebaki, ambayo kwa wengi ilikuwa neno la maabara tu, ikapata uso.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii, na wewe pia umeishia hapo, mwanangu, ndiyo maana ukaona umeonewa. Iko sehemu iliyobaki. Picha ilipozidi kuenea, majirani walianza kunong'ona kwamba familia inapata fedha kwa ugonjwa wa mtoto. Wazazi waliulizwa habari za picha ile mwaka baada ya mwaka. Tomoko alifariki mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 21, na bado picha yake ikawa inabandikwa na kuchapwa kila mahali, akiwa mtupu, mbele ya watu wasiomjua. Wazazi wakaona kwamba binti yao hajaachwa apumzike. Smith alikuwa ameshafariki. Hakimiliki ilikuwa mikononi mwa Aileen. Mwaka 1998 alikwenda kwao, akawarudishia mamlaka ya picha ile, na kwa miaka mingi baada ya hapo haikuruhusiwa kuchapishwa upya.

Iangalie habari hiyo vizuri. Ile ni mojawapo ya picha mashuhuri kabisa za karne iliyopita, na mtu mwenye haki zake zote aliirudisha kwa wenyewe kwa sababu waliomo ndani yake walichoka. Mimi nakiheshimu kitendo hicho kuliko picha yenyewe. Ridhaa ilikuwapo tangu siku ya kwanza, tena ridhaa ya watu walioishi naye jirani, wakamwamini, wakataka dunia ione. Na hata ridhaa hiyo, baada ya miaka zaidi ya ishirini, ilikwisha. Wazazi wale walikuwa wameweka amana kwa mpiga picha, na mwenye amana anapokuja kuitaka hurudishiwa.

Nitakusimulia na langu, ili usidhani nakuhukumu kutoka juu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kusafisha picha katika studio moja mjini. Siku moja uliletwa mkanda wa harusi, uliopigwa ndani, kwa wanawake peke yao, na mpiga picha mwanamke. Katika picha zile ilikuwamo moja ya biharusi amekaa juu ya kiti, mikono yake yenye hina na piko ameilaza mapajani, na mwanga wa dirisha umeiangukia mikono ile kwa namna ambayo sijapata kuiona tena. Niliichapa kubwa, nikaitia fremu na kuiweka kwenye dirisha la kioo linalotazama barabara. Nilijivunia kazi yangu. Siku ya tatu aliingia mwanamke wa makamo, shangazi yake biharusi. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akavuta ncha ya buibui lake akaufunika ule uso kwenye fremu, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu umemuomba nani?" Sikuwa na jibu. Niliishusha, nikampa na negativu yake, yaani ile filamu ambayo picha huchapwa kutokana nayo. Sijui mpaka leo ni wanaume wangapi waliopita barabarani kwa siku tatu zile wakamtazama mke wa mwenzao, wala sijui biharusi yule aliambiwa nini nyumbani kwake. Nilikuwa nimemvunjia mtu sitara yake kwa sababu ya mwanga mzuri.

Kwa hiyo tuangalie na lako. Umesema hukumtaja jina. Lakini Jambiani nzima inaijua kanga yake, inaijua na kofia yake ya ukili anayoingia nayo baharini, na mjukuu wake anaweza kumtambua kwa mgongo. Umesema ulitaka watu waone taabu ya kazi yao, nami nakuamini. Mwani umewasomesha watoto wengi wa pwani ya mashariki, na kazi ya kusimama ndani ya maji ya kiunoni kwa saa nyingi, kufunga kamba na kung'oa vigingi, inastahili kuonekana. Ila picha yako haikuishia mahali pa kueleza taabu. Imeishia kwenye tangazo linalouza vitanda, ambapo mgeni anaiona na kufikiri kwamba mama yule ni sehemu ya mandhari, kama mnazi na ngalawa. Na fedha zimeingia mfukoni mwako na mwa hoteli. Yeye amepata nini isipokuwa maneno ya majirani?

Nenda kwake. Usiende peke yako. Fuatana na bibi yako, kwa sababu aliyelalamikiwa ni yeye na heshima yake nayo imeguswa. Ichukue picha, imechapwa, si kwenye simu, umuoneshe mwenyewe aishike. Muulize anavyotaka ifanywe. Akisema iondolewe, iandikie hoteli iiondoe, na urudishe fedha ulizolipwa kama ndilo watakalolitaka. Akisema ibaki, mpe fungu lake. Halafu, kama kweli unataka watu waijue kazi ya mwani, waombe kina mama wakuruhusu ukae nao kwa msimu mzima, uende nao maji yanapokupwa na kurudi nao yanapojaa, uwabebee magunia, uzijue bei wanazopewa na wanunuzi, uyajue maradhi ya ngozi na macho wanayoyapata. Kamera iache nyumbani siku za mwanzo. Imesimuliwa kwamba Smith, kule kwa daktari wa Colorado, alianza kwa kubofya kamera isiyokuwa na filamu ndani yake, ili watu wamzoee. Wewe huna filamu ya kuokoa, lakini unahitaji kuzoewa vile vile.

Swali: Mimi ni mwalimu wa skuli, Chake Chake. Nimesoma kwamba Smith aliunganisha picha mbili zikawa moja alipompiga picha Dk. Schweitzer wa Gabon. Kama ni kweli, kwa nini aitwe mpiga picha wa ukweli?

Jibu: Ni kweli, Mwalimu. Habari ile ilichapishwa mwaka 1954, juu ya Albert Schweitzer, daktari kutoka Ulaya, na hospitali yake huko Lambaréné. Katika picha mashuhuri kuliko zote za safari ile, daktari amesimama na kofia yake nyeupe kwenye kazi ya ujenzi, na pembeni chini, upande wa kulia, kinaonekana kivuli cheusi cha mkono na mpini wa msumeno. Kivuli hicho kilitoka katika negativu nyingine. Smith alikichapa juu ya ile ya kwanza ndani ya chumba cha giza, na watafiti waliligundua jambo hilo baada ya kufa kwake.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba kila mchapaji wa zamani alikuwa akitia giza hapa na kutia mwanga pale, na Smith alijulikana kwa kukaa siku nzima na zaidi juu ya karatasi moja, akipaka dawa kwa brashi ili macho ya mtu yatoke gizani. Hayo nimeyafanya na mimi, na siyaoni kuwa ni makosa, maana kilichokuwapo kinabaki kilichokuwapo. Kuongeza kitu kisichokuwapo ni jambo jingine. Naliona ni kosa, na linaniuma zaidi kwa sababu Smith aliacha kazi katika jarida la Life kwa kugombea habari hiyo hiyo ya Schweitzer, akisema wahariri hawakuipanga kwa namna inayotenda haki. Aliwadai wenziwe uaminifu ambao yeye mwenyewe, katika karatasi moja, hakuutimiza. Wafundishe wanafunzi wako yote mawili pamoja.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha hapa tangu miaka ya 1960. Ameacha kisanduku cha bati kilichojaa negativu. Nikikifungua hutoka harufu kali kama ya siki. Ndugu zangu wanataka kitupwe, wanasema picha zenyewe ni za watu tusiowajua. Nifanye nini? Na je, sisi hatuna wapiga picha wetu wa kukumbukwa, mpaka tuhadithiwe wa Marekani?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Msikitupe kisanduku.

Tunao wapiga picha wetu, tena wa siku nyingi. Studio ya A. C. Gomes ilikuwapo Unguja tangu karne ya 19. Ranchhod Oza, aliyefanya kazi na akina Gomes alipofika kutoka India, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaendelea nayo pale pale Mji Mkongwe. Ukipita Barabara ya Kenyatta utaona ukutani sura za watu wa zama tatu tofauti, waliovaa kilemba, waliovaa tarbushi na waliovaa suti. Lakini hao ni wa mjini. Mtu aliyewapiga watu wa Wete miaka ya sitini na sabini, harusi zao, watoto wao wa skuli, vitambulisho vyao, majahazi yao bandarini, ni baba yako, na pengine hakuna nakala nyingine ya nyuso hizo popote.

Smith alipofariki, huko Tucson, Arizona, alikuwa na dola 18 benki, na mzigo wa negativu, picha na karatasi uliokuwa na uzito wa tani zipatazo 20. Chuo kikuu cha Arizona ndicho kilichoupokea na kuuhifadhi, na ndiyo sababu leo tunaweza kubishana juu ya mpini wa msumeno. Lau mzigo ule ungetupwa, lisingebaki la kubishania.

Harufu ya siki unayoisikia ndiyo siki yenyewe, asidi inayotoka katika filamu inapooza kwa joto na unyevu. Ikianza haisimami, na negativu moja iliyooza huambukiza zilizo jirani nayo, kwa hiyo lile bati lililofungwa madhubuti, ambalo bila shaka marehemu alilichagua ili kuzuia mende na mvua, sasa ndilo linaloziua, maana mvuke hauna pa kutokea. Subirini kipupwe, msizifungue wakati wa masika. Zitoeni siku ya jua kavu, ndani ya chumba chenye upepo, juu ya shuka safi la pamba, na mzishike kwa kingo tu. Zinazonuka zitengwe na zisizonuka. Zile zilizojikunja au kuanza kutoa malengelenge msizilazimishe kunyooka. Hizo ndizo za kupigwa nakala kwanza. Kila moja itieni katika bahasha ya karatasi ya kawaida, si mfuko wa plastiki, kisha kwenye boksi la kadibodi, kabatini, mbali na ukuta wa nje na mbali na bati la paa. Msitie mchele wa kunyonya unyevu, mtakaribisha wadudu.

Kwa nakala, kijana wenu yeyote anaweza kusaidia. Wekeni negativu juu ya kioo cha simu moja kilichowashwa mwanga mweupe, mkiiinua kidogo kwa kipande cha kioo ili vidoti vya simu visionekane, na mpige kwa simu ya pili. Programu za kawaida za picha hugeuza nyeusi kuwa nyeupe. Haitakuwa kazi ya maabara, lakini uso utaonekana. Baada ya hapo nendeni kwa watu wa Nyaraka za Taifa, ambao makao yao yako Kilimani, Unguja, muwaulize kama wanaweza kuzipokea zile za asili. Wao wana vyumba na ujuzi ambao sisi majumbani hatuna.

Ila kabla ya kumpa mtu yeyote, dada yangu, yako mambo mawili. Ndugu zako wanasema watu wale hawajulikani. Wanajulikana, lakini si kwenu nyinyi vijana. Waiteni shangazi zenu na wazee wa mtaani waliobaki, mmoja mmoja, wakae na nakala mikononi, na mtu awe pembeni na daftari. Andikeni jina la mtu, la baba yake, mtaa na shughuli iliyokuwapo. Juu ya bahasha andikeni kwa penseli, kwani wino hupenya.

Na zile za harusi na za ndani msichanganye na nyingine. Zifungueni wanawake peke yenu, mlango umefungwa, na kila mtakayemtambua mpelekeeni habari yeye au watoto wake, waseme wenyewe kama iende Kilimani, ibaki kwenu, au warudishiwe.